Winchi Iliyoachia Asubuhi

Winchi ya mashua ilikuwa inaachia. Unazungusha mpini, kamba ya tanga inakaza vizuri, halafu ghafla, krrr, yote inarudi ilikotoka. Ilifanya hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi Dulla aliitukana.

Mashua yenyewe ilikuwa juu ya tela, katikati ya yadi ya malori Makambako, mbali na maji yoyote. Ami yake Dulla, Awadhi, mwenye yadi, aliinunua Dar kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye malori mawili alijiona anaweza biashara yoyote ile, na Awadhi alitaka kubeba abiria na dagaa Ziwa Nyasa. Akamwita Dulla kutoka Tanga awe nahodha. Dulla akaacha kazi yake ya bandarini, akaja na mkewe Somoe na sanduku moja.

Winchi ilikuwa imechakaa kweli. Ndani yake mna ndimi mbili ndogo za chuma, zinasukumwa na springi ziruke nje na kung'ata meno ya gurudumu lisirudi nyuma. Ndimi zilikuwa zimelika, springi zimelegea. Fundi wa yadi, Efraimu, Mbena wa Njombe, alizichonga upya kwa tupa, akatia springi mpya. Kisha akaijaza winchi grisi ya beringi mpaka ikafurika, kama alivyofanya kwa kila kitu kinachozunguka pale yadini.

Bado iliachia.

Asubuhi Efraimu alikuwa na malori ya mbao yanayokwenda Matembwe. Kwenye mashua alifika mchana, jua limeshalichoma tela, chuma kimepata moto.

"Imeachia tena," Dulla alimwambia.

Efraimu akapanda, akazungusha. Tik, tik, tik. Ikashika kama kucha za paka.

"Kamwene, nahodha!" akamsalimu kwa Kibena. "Mbona inashika?"

"Asubuhi haishiki."

"Asubuhi wewe ndiye hushiki. Hiyo mikono ya pwani, imekufa ganzi. Mwambie Somoe akufumie soksi uivalishe."

Madereva waliokuwa wanakula ugali chini ya lori wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Dulla alikuwa bado amevaa makoti yake mawili ya asubuhi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi: akisema kweli, wanayaangalia makoti.

Jioni akamfuata Awadhi.

"Ami, ile winchi si nzima."

"Fundi kasema nzima."

"Fundi anaijaribu mchana. Nikiwa ziwani na watu ishirini, upepo umeshuka mlimani, ikaachia, nani atawajibu wenye watu wao?"

"Dulla, kesho tela linaondoka. Jumatatu nalitaka hapa kwa mbao. Kama huwezi, sema. Manahodha wamejaa Lupingu, kule ziwani, na wao wana koti moja moja."

"Unanitukana, ami."

"Nakuharakisha. Kesho asubuhi, hiyohiyo asubuhi yako, tutaijaribu mbele ya watu. Ikishika, sitaki kulisikia tena jambo hili."

Kulipokucha ukungu ulikuwa umeifunika yadi, mtu huoni geti. Awadhi akaamuru kamba ifungwe kwenye bampa ya pikapu iliyosimama kwenye mteremko, gia imetolewa. Dulla aivute kwa winchi. Upepo wa ziwa si mchezo, alisema.

"Ifungue kwanza uitazame," Dulla akamwambia Efraimu.

"Nimeifungua mara ngapi? Kila kitu humo kipya."

"Itazame sasa hivi, na baridi hii!"

"Usinifokee, bwana mdogo. Nimefungua injini kabla hujatahiriwa." Efraimu akachovya vidole kwenye kopo, akapachika bonge jingine la grisi pale juu. "Haya. Ilikuwa kavu kidogo. Vuta."

Dulla akamtazama ami yake. Awadhi akatazama saa. Angeshuka pale, angeshuka bila kazi, na Somoe amelala chumba cha kupanga, mimba ya miezi saba. Akaushika mpini kwa hasira, akazungusha.

Pikapu ikasogea. Ikasogea tena. Halafu winchi ikaachia. Pikapu ikateremka, kamba ikarudi, na mpini ukazunguka kwa nguvu zote za gari, ukampiga Dulla mkononi. Kila mtu yadini aliusikia mfupa.

Hakulia. Alikaa kwenye sitaha, mkono umepinda pasipopinda mkono, akapiga kelele: "Chekeni sasa! Mbona hamcheki?"

Efraimu aliifungua winchi palepale. Grisi ilikuwa imeganda kama samli ya juzi, na ndimi zote mbili zimenasa ndani yake. Akaubonyeza mmoja kwa kidole. Ukazama, usirudi. Mchana jua liliilainisha grisi, ulimi ukaruka. Asubuhi baridi iliugandisha.

"Kumbe grisi," akasema.

"Mimi nilisema asubuhi!" Dulla alifoka, huku wakimpakia kwenye pikapu ileile, kumkimbiza hospitali Njombe. "Wiki nzima nasema asubuhi!"

Kuitengeneza winchi kulihitaji kikombe kimoja cha petroli ya kuoshea grisi, tambara moja, na matone machache ya mafuta ya cherehani. Saa sita mchana ilikuwa tayari, na tela likaondoka kwenda ziwani kutafuta nahodha mwingine. Ilimgharimu Dulla mifupa miwili ya mkono wa kulia, kazi ya Tanga aliyoiacha, na kazi ya ziwani ambayo hakuianza.