Mpini wa Mpera Mbichi

Mume wangu alikuwa fundi wa visu, na kwa miaka kumi na tisa nilikatia vitunguu kwa kisu ambacho mpini wake ulizungushiwa mpira wa baiskeli. Nikilalamika, ananijibu, "Mama watoto, mfinyanzi hulia gaeni."

"Basi alie gaeni mfinyanzi. Mimi mkewe nimekosa nini?"

Anacheka mpaka anaweka tupa chini.

Mbao za kununua hakuzitaka. Alisema hajui zimelelewa wapi. Mipini yake yote ilitoka kwenye miti ya mitaa yetu: mlimau ulioangushwa na upepo, mwembe wa jirani uliokatwa ili gari lipate pa kulala. Alipasua vipande vya kadiri ya mkono, akapaka nta ya mshumaa kwenye ncha ili visipasuke, akavipanga rafuni juu ya mlango wa karakana. Halafu anangoja. Kila mwanzo wa mwezi alivipeleka dukani kupimwa, akaandika uzito kwa penseli kwenye mti wenyewe. Namba ikishuka, maji bado yanatoka. Namba ikijirudia miezi mitatu, mti umekauka.

"Anayetia mpini mbichi ni mwizi," alikuwa akisema. "Anakuuzia maji kwa bei ya mti."

Shemeji yangu, mdogo wake, alifanya kazi naye karakana moja. Siku moja alitumia mfenesi uliokuwa haujakauka. Fundi aliuvunja mpini ule kwa nyundo mbele ya mteja. Wakanuniana wiki nzima, na mimi ndiye niliyebeba ujumbe kutoka benchi moja hadi jingine, hatua nne.

Mpera wetu wa uani ulikatwa kwa sababu mizizi ilikuwa inapasua ukuta wa bafu. Fundi akachagua vipande viwili pacha karibu na kisiki. "Kimoja chako," akaniambia, "kingine akiba." Niliamini nusu.

Dada wa duka alivipima huku akitania. "Watoto wako mbona hawanenepi? Wapeleke kliniki."

Mwezi wa tano aliyepelekwa kliniki akawa Fundi mwenyewe. Huko nako wakampima. Kilo sabini na moja. Sitini na sita. Sitini na moja. Akirudi anakaa kitandani, anavua viatu polepole, anasema, "Mimi na mpera tunakimbizana."

Sikucheka. Naye hakurudia tena.

Asubuhi moja nimetoka sokoni nikasikia msasa karakanani. Alikuwa amekaa benchini na sweta mbili, vumbi la mpera limemjaa magotini.

"Lete mkono," akasema. "Fumbata hapa."

"Kwani umekauka?"

"Umekauka. Fumbata, wewe."

Nikafumbata. Akachora penseli palipokaa vidole vyangu. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Kuhusu miti alikuwa hajawahi kunidanganya. Kazi ya siku moja ilimchukua siku nne, anapiga msasa kidogo, analala kidogo. Mpini ukatoka na rangi ya chai ya maziwa, pini tatu za shaba, laini kama shavu. Alisogeza kiti mlangoni mwa jikoni aone nikikata kitunguu cha kwanza.

"Kinakata?"

"Kinakata mpaka kinanitia aibu."

Wiki tatu baadaye tukamzika.

Mwezi wa pili wa msiba kiganja kikaanza kuniuma. Chuma kinachopita katikati ya mpini kilikuwa kimechomoza pande zote, kama jino linaloachwa na ufizi. Nikabandika plasta nikaendelea kukata. Shemeji alipokuja kunijulia hali akaiona.

"Shemeji, hebu lete hicho kisu."

Akakigeuza, akapitisha ukucha pembeni mwa mpini. Kisha akaenda karakanani, nami nyuma yake, akashusha rafuni pacha aliyebaki. Namba za Fundi zilikuwa zimepangwa vizuri, moja chini ya nyingine. Ya mwisho, ya wiki ile ile aliyoanza kisu changu, ilikuwa 361. Juu yake, 372.

"Gramu kumi na moja kwa mwezi," akasema shemeji. "Ulikuwa mbichi, sasa unanywea. Na alijua, tazama, kaandika mwenyewe." Akakaa kwenye benchi la kaka yake. "Mimi alinivunjia kwa nyundo. Mbele ya mteja."

Akakishika kisu tena, akapima chuma kwa kidole.

"Niutoe," akasema. "Nina mlimau wa miaka mitatu, mkavu kama kauli ya hakimu. Hutaumia tena."

"Hapana."

"Basi nikipunguze chuma kwa tupa. Dakika kumi tu."

"Na mwezi ujao?"

"Kitachomoza tena. Mpaka ukauke."

"Basi tungoje ukauke."

"Na mkono?"

"Mkono si wangu?"

Akatikisa kichwa. "Kweli nyinyi mlipatana."

Nikafungua mpira wa baiskeli kwenye kisu cha zamani, nikauzungusha kwenye kipya. Na kila mwanzo wa mwezi nikampeleka pacha dukani. Mpini ni mwembamba, utatangulia kukauka, shemeji alinieleza. Pacha akitulia, ujue mpini ulishatulia. Dada wa duka hakutania tena. Namba zangu niliziandika chini ya zake: 337, 331, 327. Saba zake zina kistari katikati, zangu hazina. Sikumwambia mtu, lakini namba ikishuka nilirudi nyumbani nimechangamka. Kazi yake ilikuwa bado haijaisha.

Kisha ikaja 318. Mwezi uliofuata, 318. Wa tatu, dada wa duka alifuta mizani kwa kitambaa, akakigeuza kipande, akapima upya bila kuombwa.

"Pale pale, dada yangu."

Shemeji akaja na tupa. Nikafungua mpira. Kabla sijampa kisu nilikifumbata kwa nguvu, chuma kikaniuma mahali pale pale.

"Nipige?" akauliza.

"Piga."

Hazikufika hata dakika kumi. Akapitisha msasa, akapaka mafuta, akanirudishia. Kimekaa mkononi sawasawa, vidole vyangu pale alipovichora. Hakiumi popote.

Pacha nimemrudisha rafuni. Jana ilikuwa tarehe moja. Nilishavaa viatu ndipo nikakumbuka kwamba sina cha kupeleka dukani.