Kalamu Nane za Sista Benedicta

Masunga alifika hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Iringa, akiwa na shida moja tu: barua. Akirudi Usangu bila barua ya daktari, wazee wa ukoo wangemrudisha mkewe, Helena, kwao Kilolo. Walishaamua. Mwanamke anayeanguka kifafa, walisema, mate yake yatamwangusha na mwingine. Masunga alitaka karatasi yenye muhuri, iseme kwamba ugonjwa ule hauambukizi.

Daktari alikubali, ila kwa sharti. Mwaka ule, 1976, alikuwa anakusanya michoro ya ubongo, na kwa kila mgonjwa alitaka pia mtu mmoja asiyeumwa wa nyumba hiyohiyo, apate kulinganisha.

"Asiyeumwa ni mimi," Masunga alisema.

Helena alifungua mdomo, akaufunga.

Helena ndiye aliyetangulia kulala kitandani. Sista Benedicta, Mhehe wa Kihesa, alimgandishia nyaya kichwani kwa dawa nzito kama uji uliolala, akawasha mashine. Kalamu nane zikaanza kukwaruza karatasi iliyokuwa ikijivuta yenyewe.

"Tazama, shemeji," alimwambia Masunga. "Kila kalamu inasikiliza upande wake wa ubongo. Pande hizo huongea kama watu sokoni Mwanjelwa: huyu na huyu, yule na yule, kila mtu na lake. Sasa ngoja."

Kalamu zote nane ziliruka pamoja, zikashuka pamoja. Kope za Helena zilichezacheza.

"Hapo maongezi yamekwisha. Soko zima linapiga yowe moja. Ndicho kifafa hicho. Niambie, yowe hilo litaingiaje kichwa cha jirani?"

"Niandikie hivyohivyo."

"Anaandika daktari. Panda wewe, Msukuma, tuone kama mna akili humo au ni ng'ombe tu."

"Utawaona wanakula majani. Usiwafungulie mbwa, nyinyi Wahehe mbwa mnawapenda vibaya."

Sista alicheka utani huo mpaka akashika ukingo wa meza. Masunga akalala. Nyaya zilikuwa za baridi. Nyuma ya kichwa chake kalamu zilikwaruza, kila moja na mwendo wake. Aliambiwa avute pumzi kwa nguvu, bila kuacha. Akavuta, akihesabu. Ishirini na tisa. Thelathini.

Sista alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda.

Masunga hakumwona akizunguka. Alikuwa huku, sasa yuko kule, na kicheko kimemtoka usoni.

"Nimekuita mara tano," alisema polepole.

"Hujaniita."

Sista hakubishana. Aliivuta karatasi, akamwonyesha. Mistari minane ilikuja ikitangatanga, halafu yote ikasimama pamoja, meno makali, halafu ikatawanyika tena kana kwamba hapakutokea kitu. Masunga alipima kwa mkono: kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Kwa urefu ule wote, kuna mtu alikuwa amelala pale, akipumua kwa mapafu yake, na mtu huyo hakuwa yeye.

"Mama Seni, umeona?" alimuuliza mkewe.

"Naona tangu mwaka tulipooana." Helena alikuwa anajifuta dawa kwenye nywele. "Unakwenda. Unatafuna mate, vidole vinachezea nguo. Halafu unarudi, unaliokota neno lako pale ulipoliacha."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngesema nimekuambukiza."

Daktari aliandika ukweli wote: ugonjwa hauambukizi, mke anao, na mume anao. Ndani ya basi Masunga aliyakagua maisha yake. Ndama aliyepotea mtoni, akaapa kwamba aliibiwa. Kovu la moto mkononi ambalo hakujua alilipataje. Kabla ya kufika Chimala alikuwa ameamua: kwenye ukoo mzima anayejua kusoma ni yeye peke yake, kwa hiyo mstari unaomtaja yeye atauruka.

Wazee walikaa Jumapili. Baba mdogo Bujiku, mkubwa wao, alimwambia asome. Masunga alisimama, akaifungua barua.

"Daktari anasema, ugonjwa wa Helena hau—"

"—ambukizi," alimaliza.

Hapakuwa na mtu mbele yake. Vigoda vilikuwa vimeanguka. Wazee walikuwa wamerudi nyuma hadi kwenye uzio, wamesongamana, na hakuna aliyekuwa anamtazama Helena. Kidevu cha Masunga kilikuwa kimelowa. Helena alikuwa amemshika kiuno kwa mikono miwili, anahema kama aliyetoka kumkimbiza mtu.

"Baba mdogo, nimefika wapi?"

Bujiku alisema na Helena, si na yeye.

"Wewe hutaondoka, mwanangu. Ukiondoka, nani kati yetu atamshika?"

Masunga aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta nyusoni mwao ni nini yule mwingine alikuwa amewafanyia.