Enkel au Engel

Gesare alishika kipande cha karatasi mbele ya mdomo wa Rebeccah, akamwambia aseme tena. Rebeccah akasema. Karatasi haikutikisika.

"Hiyo bado ni malaika, mama," Gesare alisema kwa upole. "Mjukuu kwa Kijerumani ni Enkel. Hiyo ka itoke na pumzi, isukume karatasi. Ukiilegeza, inakuwa Engel."

Rebeccah aliinamisha macho. Kwa miezi minane, kila Jumapili baada ya kanisa, alikuwa amemwita Emil malaika akidhani anamwita mjukuu. Katika Kikipsigis alichokulia, ka na ga huachiana nafasi bila ugomvi. Sikio lake halikuwahi kuombwa kuzitenganisha.

Emil alikuwa na miaka sita, huko Ujerumani, na hakujua lugha ila Kijerumani cha mama yake. Zamani Kimeli, baba yake na mwana wa Rebeccah, ndiye aliyekuwa akiwatafsiria kwenye simu. Kimeli alipofariki katika ajali huko huko, bibi na mjukuu walibaki kutazamana na kupungiana mikono, mpaka mikono ikachoka. Ndipo Rebeccah alipomwendea Gesare, muuguzi kijana aliyepanga chumba hapo kijijini Kimulot akijiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani, akamwomba maneno machache ya kumshika mtoto asipotee. Gesare alimwandikia, naye akayasema peke yake kwenye simu, mpaka Gesare alipomsikia.

Juma zima alijizoeza. Akichuma chai, aliipuliza ile ka juu ya majani machanga hata wenzake wakamuuliza kama ana mafua. Aibu ilikuwa imemkaa kifuani. Ijumaa, karatasi ikatikisika.

Jumapili, Gesare akiwa kando yake, aliita kwenye simu, "Mein Enkel." Neno lilitoka safi.

Emil hakutabasamu. Alimtazama bibi yake, akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anasemaje?"

Gesare alisita. "Anauliza kwa nini leo unaongea kama mwalimu wake wa shule. Anasema ulikuwa unaongea kama baba."

Mtoto aliendelea, sasa kwa haraka, Gesare akimfuata nyuma. "Anasema bustani ni Garten, lakini baba akienda bustanini alikuwa anasema anaenda Karten. Hiyo ni karata. Walikuwa wanamcheka, na baba mwenyewe alikuwa anacheka. Anataka wewe useme bustani."

Rebeccah angeweza kulitamka neno hilo sawasawa. Gesare alikuwa tayari ameinua karatasi. Rebeccah aliusogeza kando taratibu mkono wa binti yule, akauacha ulimi wake uende ulikozoea.

"Karten," alisema.

Emil aliganda. Kisha akageuka, akamwita mama yake aje asikie. Kiti kilisikika kikisukumwa, hatua zikaja, na uso wa mwanamke ukaingia kwenye kioo cha simu, shavu lake likigusa la mtoto.

Emil aliomba kitu, na mara hii Rebeccah hakungoja kutafsiriwa. Alirudia, "Karten."