Kidole cha Mama

Mgeni hakubisha hodi, alitanguliza fomu. Alikuwa mkaguzi wa silaha, na barua ilisema angekuja Ijumaa. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, na Baba alikuwa bado na sabuni masikioni.

"Wewe ndiye mlinzi wa ghala la mbegu?" aliuliza, akijikaribisha kitini. "Nionyeshe unavyosafisha bunduki nyumbani kwa usalama. Dakika kumi tu, mzee. Bila sahihi yangu leo, kibali hakirefushwi."

Na bila kibali, ghala lingepata mlinzi mwingine kabla jogoo hajawika.

Baba alitandaza gazeti mezani, akapanga vitu vyake: ufito, vitambaa vilivyokatwa kwenye shati lake la zamani, kichupa cha mafuta. Akaitoa bunduki kabatini, akailaza mtutu ukielekea ukutani. Kisha akaketi, akakunja mikono.

"Sasa?" aliuliza mkaguzi.

"Sasa tunamsubiri mama watoto. Yuko zahanati, anarudi saa kumi."

Nikatazama dari. Miaka miwili iliyopita Baba alikuwa akisafisha bunduki isiyo na kitu. Bunduki isiyo na kitu ikatoboa dari, ikatoboa na bati. Mama hakugomba. Alihamia upande mkavu wa kitanda, akamwachia Baba ule unaovujiwa, akadai ahadi: risasi zikae kwenye sanduku la Mama, na bunduki isisafishwe mpaka yeye mwenyewe aingize kidole ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, na kusema "tupu".

Baba alimweleza mkaguzi yote hayo. Mkaguzi alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.

"Kumbe mlinzi naye analindwa."

"Tena vizuri, bwana mkaguzi. Bado niko hai."

"Lakini hii haina kitu." Akaiinua, akaigeuza, akachungulia ndani ya mtutu kwa jicho moja, akitafuta kutu. Mtaalamu bwana, jicho la pili nadhani aliliweka akiba. Baba akausogeza mtutu kando kwa kidole, taratibu, kama anayemwondoa mtoto karibu na jiko.

"Hata siku ile haikuwa na kitu," alisema, akionyesha dari.

"Mzee, nina nyumba sita zinanisubiri. Fungua, futa, tia mafuta, niweke sahihi. Mkeo hatajua."

Mkono wa Baba ulikwenda hadi kwenye kichupa. Ukakaa hapo kidogo. Ukarudi.

"Humjui mama watoto," alisema.

Mkaguzi akaandika: *Mmiliki ameshindwa kuonyesha usafishaji salama.* Neno "salama" alilipigia mstari mara mbili. Kisha akaacha nakala mezani, akapanda pikipiki yake na kuondoka, kofia yake ngumu ikining'inia kwenye usukani.

Saa kumi Mama aliingia, akaweka dawa zake mezani, akaisoma karatasi mpaka mwisho. Baba akavuta bolti nyuma, chemba ikafunguka. Mama akaingiza kidole chake kidogo.

"Tupu," alisema.

"Ndivyo alivyosema mkaguzi."

Baba akadondoshea kitambaa tone moja la mafuta, moja tu, kwa sababu mafuta mengi hukusanya vumbi. Akaanza kuusukuma ufito kutoka chemba kuelekea mdomo wa mtutu, polepole, kana kwamba kesho ana zamu.