Mgeni wa Mstari wa Kumi na Nne

Kila siku saa nne asubuhi Mgeni aliingia bila hodi. Kwenye kona ya kioo cha kompyuta kiliwaka kiduara cha kijivu kilichoandikwa "Mgeni", kisha kishale chake kikashuka taratibu hadi mstari wa kumi na nne wa jedwali, kikatulia hapo kikiwaka na kuzima.

Karani alikuwa akikitazama kwa siku ya sita sasa, chai ikimpoa mkononi. Hata nyumbani akifumba macho alikiona. Jedwali lile halikuwa na majina, namba tu: wanawake waliokimbia waume wepesi wa ngumi, watoto wao, na mahali walipofichwa. Majina aliyajua mkuu wa shirika lililowahifadhi peke yake. Karani alijaza safu ya makazi, muuguzi akajaza ya afya, na yote yakakaa mtandaoni, kwenye wingu, kama wanavyoliita, wingu ambalo tangu lizaliwe halijadondosha hata tone.

Kosa alilijua. Wiki iliyopita alitaka kumtumia muuguzi linki ya jedwali, kidole kikateleza, ikaangukia kundi la familia. Aliufuta ujumbe mbio mbio akajiambia yamekwisha. Kumbe kufuta ujumbe si kufunga mlango. Aliyewahi kuibonyeza alikuwa nayo, na jedwali lilimkaribisha yeyote mwenye linki. Wa kulifunga alikuwa mkuu tu, na mkuu angeuliza kwa nini. Mficha uchi hazai, lakini kazi siku hizi ni adimu kama maziwa ya kuku, basi karani akanyamaza. Aliona aibu, na aliogopa sana.

Siku ya saba, saa nne kasoro, mama yake akamtembelea ofisini.

"Nimekuja kukushukuru, mwanangu," alisema akivuta kiti.

"Kwa lipi, mama?"

"Ile karatasi ya kwenye simu. Ulivyoifuta haraka nikajua, huyu anataka nione mimi tu. Kila siku nikimaliza kufagia naingia kumsoma mjukuu wangu."

Karani alimgeukia. "Mjukuu gani? Mle hamna majina."

"Majina ya nini? Muuguzi ameandika, 'Mtoto hapati usingizi mpaka ashike sikio la aliyembeba.' Sikio lenyewe si hili!" Mama alilivuta sikio lake, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Nimembeba mimi yule. Wa kumi na nne ni mkamwana wangu."

Karani hakucheka. Wifi yake alikuwa ametoweka miezi miwili, na ukoo mzima uliamini amerudi kwao. Kaka alimtafuta kila mahali, akiuliza kwa upole uliomtisha karani kuliko makelele yake ya zamani.

"Kaka anajua?"

"Nimwambie mimi? Nimemzaa, namjua. Mdomo nimeushona."

Hapo kiduara cha kijivu kikawaka. Mgeni.

Karani aliitazama mikono ya mama. Ilikuwa mitupu, imelala mapajani.

"Mama, simu yako iko wapi?"

"Nyumbani. Iliisha chaji, nimemwachia kaka yako aniwekee."

Kishale kilishuka hadi mstari wa kumi na nne. Hakikutulia kwenye safu ya afya, alikozoea kukaa mama. Kilisogea pembeni, safu moja, safu ya pili, hadi kwenye makazi: nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba ya tatu, geti la bluu.

Karani aliyafuta maneno yale. Pakabaki peupe. Kishale cha Mgeni kiliendelea kusimama juu ya ule weupe, hakina haraka, kama mtu aliyekwisha kusoma. Kisha kikatoweka.

Alimpigia mkuu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa kwenye nyumba ile ile.

"Mtoe wa kumi na nne na mtoto, sasa hivi. Pitieni mlango wa nyuma."

"Kuna nini? Nani anakuja?"

Mama alikuwa amesimama, kiganja kimeziba mdomo, akitikisa kichwa kumsihi asiseme. Karani akamgeuzia mgongo.

"Kaka yangu," alisema. "Na mlango nilimfungulia mimi."