Mguu wa Mwalimu Oyedokun

Umeme ulikatika Jumapili, na leo ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo kile kisanduku cha kuulia vijidudu kwenye rafu ya saluni kilikuwa pambo tu. Mosunmola alichuchumaa uani mbele ya jiko la mkaa akichemsha vifaa vyake: mkasi wa kucha, koleo dogo na kichuma cha kusukumia ngozi. Alikuwa ameshavisugua kwa sabuni na brashi, kwani uchafu ukibaki kwenye maungio, hata uchemshe mpaka jioni utakuwa unapika uchafu. Sufuria ilipoanza kutokota alitazama saa kwenye simu. Dakika ishirini. Siku nyingine angeibia dakika tano, na nani angejua? Leo hapana. Leo ilikuwa siku ya mtihani wake.

"Mosun! Huo mkaa ni wa kuchemshia au wa kuota?" Madamu Kofoworola aliita kutoka ndani. "Alhaja yuko hapo kituo cha mafuta, anakuja!"

"Zimebaki dakika sita, Madamu!"

"Sita zako au za saa?"

Miaka mitatu alikuwa akiitwa hivyo. Mwaka wa kwanza hakugusa mguu wa mtu. Alifagia nywele, alichota maji, alimpeleka mtoto wa Madamu shule na kumrudisha. Mwaka wa pili alipewa mabeseni: kila mteja akiondoka, sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini, beseni lisubiri dakika kumi, ndipo lisuuzwe. Mwaka wa tatu ndipo akapewa miguu. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, zisichimbwe pembeni. Kijiti na tupa ya karatasi ni vya mtu mmoja, akimaliza vitupwe. Wembe usiguse kisigino, hata mteja akibembeleza. Na kabla ya yote hayo, kabla hata ya maji, kuna kuutazama mguu. "Usome kwanza," Madamu alikuwa akisema, "ndipo uuloweke." Madamu Kofoworola alikuwa na mdomo mchafu na mkono mwepesi wa kofi, lakini kazi aliijua, na hakumficha Mosun chochote.

Akipita leo, Jumamosi angepewa uhuru wake. Ndivyo mafundi wa Ibadan wanavyoiita siku hiyo. Mwanagenzi hupiga magoti mbele ya watu, bosi wake humwombea dua, humkabidhi cheti na kumruhusu akafungue mlango wake. Mama yake kule Iseyin alishashona nguo ya sherehe, na mashangazi wanne wameshona sare hiyo hiyo. Binti yake wa miaka mitano, anayelelewa na bibi, alikuwa ameambiwa kwamba baada ya Jumamosi mama hatalala tena kwa Madamu. Asipopita, mtihani mwingine ni baada ya mwaka mzima. Mosun alikuwa na miaka ishirini na saba, na mwaka mmoja zaidi wa kuchota maji aliuogopa kuliko alivyothubutu kumwambia mtu.

Alhaja Muibat, katibu wa elimu wa chama cha wasusi, aliingia akijipepea kwa faili. Mosun alipiga magoti kumsalimu. Alhaja alikubali salamu bila kumtazama, akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kizuri kuliko vingine.

"Mteja wa mtihani yuko wapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Rafiki wa Madamu, aliyeahidi kuleta miguu yake, alipiga simu kusema petroli hakuna na magari hayaji upande wao. Alhaja akatazama saa. Alikuwa na saluni tatu nyingine kabla ya adhuhuri, akasema, na yeye si wa kusubiri miguu.

Wakati huo huo pazia la mlango likasogezwa, akaingia mwanamke mzee, mwembamba, kilemba kimefungwa sawasawa, amekumbatia bahasha ya karatasi. Viatu vyake vilikuwa vya kufunika, vyeusi, vimepigwa rangi.

"Hodi jamani. Mnasafisha miguu?"

"Tunasafisha, Mama, karibu! Na leo kwako ni bure!" Madamu Kofoworola karibu amnyanyue. "Kaa hapa, Mama, kaa."

Mosun alimtazama mara moja tu, magoti yakamshuka yenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu Oyedokun."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alimkodolea macho. "Subiri. Wewe ni yule wa dawati la dirishani. Darasa la nne. Ulikuwa unakula chaki."

Saluni nzima ikacheka, hata Alhaja. Mosun naye alicheka. Alijiona ana bahati. Kati ya miguu yote ya Ibadan, Mungu amemletea ya mtu anayempenda.

"Fanyeni upesi kidogo," Mwalimu alisema. "Nikitoka hapa nakwenda ofisi ya pensheni. Leo ni siku ya mwisho ya kutuhakiki kama tungali hai."

Mosun alinawa, akavaa glavu, akatandika taulo safi mapajani. Mguu wa kulia ulikuwa na kucha nene na kisigino kilichopasuka, mguu wa mtu mzima kama yeyote. Wa kushoto Mwalimu aliuvua polepole. Soksi ilikuwa imeganda penye vidole, na ilipobanduka harufu ilitoka. Mosun aliijua harufu ile, ya kidonda kinachooza.

Kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, kulikuwa na pini ya stapla, imezama mpaka mgongo wake umelingana na ngozi. Aliivuta taratibu. Mguu haukushtuka. Alitenganisha vidole viwili vya mwisho. Katikati palikuwa na kidonda cheupe, kibichi, na kidole kidogo kilikuwa kimeanza kuwa na rangi ya biringanya. Alikibonyeza kwa upole.

"Unasikia, Mwalimu?"

"Nasikia nini?"

Kumuuliza mtu mzima ugonjwa wake mbele ya watu ni kukosa adabu, na Mosun hakulelewa hivyo. Aliinama karibu kabisa, akanong'ona, "Mwalimu, una sukari?"

"Mtahiniwa, sema kwa sauti," Alhaja alidakia, kalamu mkononi. "Mimi naandika. Siandiki minong'ono."

"Nimemuuliza kitu kidogo tu, Alhaja."

"Kipi? Kiseme."

Mosun aliinua macho. Wateja wawili waliokuwa wakisukwa waligeuka pia. "Nimemuuliza kama ana ugonjwa wa sukari," alisema. "Ana kidonda, na mguu umekufa ganzi. Mguu wa hivi hatuuloweki, hatuukati. Anatakiwa hospitali."

Aliyasema kama yalivyoandikwa kwenye daftari lake, na kwa sauti, kama alivyoagizwa. Mmoja wa wateja alivuta kiti chake nyuma kidogo. Hakikuvutwa mbali, lakini Mwalimu alikiona.

Madamu alimshika Mosun kiwiko, akamvuta hadi nyuma ya pazia la kuoshea nywele.

"Una wazimu? Funika hicho kidonda kwa taulo. Fanya wa kulia, kisha kucha zote kumi uzipake rangi, Alhaja aweke tiki zake aende."

"Madamu, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua nilichokufundisha!" Madamu alinong'ona kwa hasira, na macho yake yalikuwa na maji. "Unafikiri mimi napenda? Tena umeshaniharibia biashara, wateja wameona kila kitu. Mosun, fikiria mtoto wako. Rangi tu. Rangi haiui mtu."

Mosun alimfikiria mtoto wake. Alirudi, akapiga magoti, akachukua mkasi wa kucha uliokuwa bado vuguvugu. Aliuweka kwenye ukucha wa mguu mzima, akakata mmoja, ukaruka. Kisha akaona kwamba Alhaja amenyoosha shingo kuangalia mguu wa pili, anangoja, na akajua kwamba baada ya huu ataambiwa ahamie ule. Angemkata mwalimu wake, na mwalimu wake asingejua kwamba amekatwa. Aliuweka mkasi kwenye trei.

"Siwezi, Alhaja."

Alhaja Muibat hakukasirika. Aligeuza fomu ili Mosun aione, kama karani anayemwonesha mtu kwamba kosa si lake.

"Binti, tazama. Usafi wa vifaa, nimekupa tiki. Usalama wa mteja, nimekupa tiki, tena kama zingekuwepo mbili ningekupa zote. Lakini kuloweka, hakuna. Kukata, ukucha mmoja. Visigino, kukanda, rangi, hakuna. Fomu hii haina mahali pa kuandika amekataa. Ina amemaliza na hakumaliza."

"Naweza kufanya kwa mtu mwingine. Hata wewe, Alhaja, hata sasa hivi."

"Mimi ni mtahini, sina miguu." Alifunga faili. "Mwakani, inshallah."

Wakati wao wakibishana, Mwalimu alikuwa ameshavaa soksi yake na viatu. Alisimama akiwa amekumbatia bahasha, kilemba hakijasogea hata kidogo.

"Nilikuwa sijui kama inafika hapo mlipo," alisema. "Harufu yangu. Mtaniwia radhi." Akatoka.

Mosun alibaki amepiga magoti mbele ya beseni ambalo halikutumika. Aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko uchungu wa mtihani, na uchungu wa mtihani ulikuwa mkubwa. Alikuwa amefanya lililo sawa, na hakuna hata mtu mmoja mle ndani aliyefaidika nalo.

Kupitia mwanya wa pazia alimwona Mwalimu amesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya Malam Sanusi, yule mkata kucha anayezunguka mtaani na mkebe, akigonganisha mikasi yake kuita wateja. Mkasi ule hukata kucha za wapagazi, za mafundi magari, za yeyote, na huoshwa kwa kufutwa kwenye kanzu. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, anavua kiatu cha kushoto.

Mosun alichota maji yaliyochemshwa, akachukua chachi na bandeji, akavuka.

Alipofika, Malam Sanusi alikuwa anarudisha mikasi kwenye mkebe. "Wallahi, Mama, huu siugusi," alikuwa akisema kwa upole. "Nakata kucha tu mimi. Huu wa hospitali."

"Haya," Mwalimu alisema. "Sasa mmekuwa wawili."

"Mwalimu, twende hospitali. Nitakusindikiza."

"Mwanangu, unadhani nilijuaje saluni yenu?" Mwalimu hakupandisha sauti. "Nilikwenda Jumatatu. Madaktari wamegoma. Nesi aliyekuwepo hakuwa hata na glavu. Akaniambia, Mama, kuna saluni mtaa wa Oke-Ado wana usafi mzuri, nenda wakuoshe huo mguu, mgomo ukiisha urudi."

Malam Sanusi alitazama pembeni. Mosun alipiga magoti kwenye vumbi. Aliumwagia mguu maji vuguvugu, akaukausha kati ya vidole bila kusugua, akaufunga bandeji isiyobana. Hakukata kitu. Mwalimu aliutazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Na mtihani wako?"

"Nimefeli."

"Kwa ajili ya huu?"

Mosun alichomeka ncha ya bandeji. Mwalimu aliinua mkono akamshika Mosun uso kidogo, kisha akaanza kulazimisha kiatu juu ya bandeji.

"Mwalimu, usisimame leo. Rudi nyumbani ukaweke mguu juu, nakuomba."

"Leo? Nisipoonekana leo wanaandika nimekufa. Miezi saba hawajanilipa, wakishaandika hivyo ndiyo basi. Jana nilisimama toka alfajiri mpaka saa kumi, wakafunga dirisha nikiwa wa nne."

Madamu Kofoworola alikuwa ametoka mlangoni. "Mosun! Rudi ufagie!"

Mosun alirudi, lakini hakuchukua ufagio. Alikichukua kile kiti cha plastiki alichokuwa amekalia Alhaja kabla ya kwenda zake, akakiweka kichwani.

"Kiti changu hicho unakipeleka wapi? Mosunmola! Ninazungumza na wewe!"

Hakugeuka. Alimfuata mwalimu wake aliyekuwa akichechemea, wakapita kituo cha mafuta, mpaka lango la ofisi ya pensheni, ambako foleni ilikuwa imetoka nje na kukunja kona ya ukuta. Wazee zaidi ya mia walikuwa wamesimama juani, kila mmoja na bahasha yake.

"Wa mwisho ni nani?" Mwalimu aliuliza.

Mosun aliinama kukiweka kiti chini, na kwa kuwa alikuwa ameinama, kitu alichokiona kwanza kilikuwa miguu. Kulikuwa na viatu vilivyokanyagwa visigino kwa sababu mguu umevimba. Kulikuwa na ndala, moja imekatwa ubavuni kwa kisu ili kidole kipate nafasi. Kulikuwa na mguu uliofungwa kitambaa, na mwingine mfuko wa nailoni, na inzi. Aliisoma yote, mmoja baada ya mwingine, kama alivyofundishwa, mpaka kona ya ukuta, na baada ya kona ilikuwa inaendelea.