Maneno Manne ya Mzee Gabrieli

Mtu akiniambia kitu kiko salama, siku hizi damu inanichemka. Kikundi chetu cha wakulima wa mdalasini na karafuu hapa Kinole kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tulishika watatu: mimi Nasra, Mwinshehe, na Mzee Gabrieli. Halafu Innocent, kijana wetu anayefanya kazi kiwandani Kihonda, akatushawishi tuhamishie akiba mtandaoni, kwenye sarafu zisizo na benki wala meneja. Niliyepiga makofi kuliko wote ni mimi.

Sarafu hizo zilikaa kwenye pochi ya mtandaoni, ndani ya simu ya kikundi. Simu ikiharibika, pochi ingefunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, na Innocent alitusihi tuyaandike tuyafiche. Tukamcheka. Tukayagawana kama funguo, kila mmoja manne ya kukariri, tukaapa mbele ya kikundi, wengine kwa Msahafu, wengine kwa Biblia: usimwambie mtu, hata wa ndani ya nyumba yako, mpaka wanachama wote waridhie. Tulijiona wajanja kweli.

Masika simu ikaingia maji, ikafa. Hatukushtuka, maana wenye maneno tulikuwa wazima. Wiki hiyohiyo Mzee Gabrieli akaanguka shambani.

Hospitalini Morogoro mjini daktari alisema damu imevujia kichwani, apelekwe Dar haraka. Michango ya kijiji ilikuwa imeishia kwenye gari la kumshusha mlimani. Hela ya Dar ilikuwa kwenye pochi.

Mdomo wake ulikuwa umepinda, hawezi kusema, ila mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu. Innocent alikuwa na orodha ya maneno elfu mbili na ushee ambamo pochi ilichagua yetu.

"Shikamoo, mzee. Nitasoma. Likifika lako, nibane mkono."

Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Mkono ulitulia tu.

"Haelewi," alisema Innocent.

"Anaelewa," alijibu Rosa, mke wa mzee. "Baba Catherine, nikupe maji?"

Mkono ukabana.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikakasirika. Alikuwa anashika kiapo. "Mzee, mimi nimekuruhusu!" nilimwambia. Akanitazama, chozi likimtoka. Rosa akaomba tumwachie orodha, wabaki wawili. Tulipoitwa kurudi, Rosa alitikisa kichwa. Hata yeye hakubanwa mkono.

Nikampigia Mwinshehe kijijini. Akawaita wanachama nyumbani kwake, wakapokezana simu, nami nikaiweka sauti kubwa karibu na sikio la mgonjwa. "Nimeridhia, mzee." "Na mimi nimeridhia." Kila sauti aliijibu kwa kufumba na kufumbua macho. Akabaki mwanachama mmoja, Mikidadi, aliyekuwa shambani kwake huko juu kusikoshika mtandao. Mwinshehe akatuma mtu amfuate.

"Mikidadi ataridhia tu, nani asiyemjua?" nilimbembeleza. "Mzee, nakuomba. Muda unakwisha."

Akageuzia uso ukutani. Nilimpenda sana yule mzee, na saa ile nilimchukia.

Mikidadi alipiga alasiri, akihema kwa kukimbia mteremko. "Nimeridhia! Mwambieni nimeridhia!"

Rosa alikuwa ameshamfumba macho mumewe. Nilikata simu.

Baada ya mazishi kikundi kilikaa. Nilitaka kwenda kumgombeza mtu, nipige meza ya mtu, lakini pochi ile haina ofisi wala meza. Mimi na Mwinshehe tulikuwa na maneno yetu manane, hayafungui kitu. Innocent akatuonyesha kwenye simu yake kwamba akiba inaonekana, yeyote anaweza kuitazama. Kuigusa ndiko kusikowezekana.

Rosa, ambaye hakuwahi kuwa mwanachama, alinyoosha mkono apewe simu.

"Ipo yote?" aliuliza.

"Yote, mama. Haijapungua hata senti."

Akamrudishia simu.

"Basi amewalindia vizuri," alisema, akachukua kanga yake, akaondoka.